Maji ya Kuchemsha Mara Mbili

Nikisikia mtu akisema "chemsha tu maji, utakuwa salama," mate hunikauka. Mimi nilichemsha. Nilichemsha kuliko mwanamke yeyote wa Karen, mtaa ule wa matajiri wa Nairobi, na nusura nimzike mwanangu.

Tulihamia huko kutoka Ngara, kwenye fleti ambayo mfereji wake ulitoa maji siku ulipojisikia. Tulipata nyumba ndogo nyuma ya jumba la mwenye nyumba, na uani palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mashine. Mwenye nyumba alikisifia kama mtu anayetafutia binti yake mume. "Haya ni safi kuliko ya kanjo," alisema, yaani ya mfereji wa halmashauri ya jiji. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wa kwetu, yule mwenye nyumba, aliletewa maji ya kunywa ya kununua, ya chupa kubwa kubwa, nami nikadhani ni maringo ya kitajiri.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado mchanga nikarudi kazini mjini, maziwa yakanikauka. Akawa wa maziwa ya kopo. Mama mkwe akaja kutoka Ukambani kumlea. Kwao maji huchotwa mchangani mtoni, na aliwahi kuzika mtoto kwa kipindupindu, kwa hiyo kuchemsha kwake ni dini. Sheria yake ilikuwa moja: maji yachemke jioni, asubuhi yachemke tena mpaka yapungue, ndipo yakorogewe maziwa. Nilitii. Ningekataaje, mkamwana wa jana?

Julai midomo ya mtoto ikaanza kubadilika. Ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau, na hata meno hana. Kucha nazo vilevile. "Ni baridi ya huku," mama mkwe akasema, akamvika sweta la pili. Nilipomwambia anahema vibaya, alinikazia macho.

"Umemkorogea maji mabichi wewe. Nyinyi watu wa ofisi mna haraka."

Kisha akawapigia simu mashangazi. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Walinipigia mmoja mmoja kunifundisha kuchemsha maji. Nami kwa hasira na woga nikayachemsha hata zaidi.

Kesho yake mtoto hakuwa na nguvu ya kulia. Tulimkimbiza hospitali kule Hurlingham. Damu waliyomtoa ilikuwa ya rangi ya kahawa, na ilikuwa ya mwanangu. Daktari, msichana mdogo tu, aliuliza maji yetu yanatoka wapi, na shimo la choo liko wapi.

"Mama, hii ni nitrati. Inatoka kwa maji taka na mbolea, inashuka mpaka kisimani. Tumboni mwa mtoto mchanga inageuka nitriti, na damu inashindwa kubeba hewa. Ndiyo ileile wanatia kwa soseji zikae nyekundu. Mtu mzima anaihimili kiasi. Huyu hawezi."

"Lakini nachemsha, daktari. Mara mbili."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Hii haifi. Maji yakipungua, yenyewe inabaki yote, inazidi kukolea."

Walimtia dawa mshipani, midomo ikarudi rangi yake nikiiangalia. Watu waliniambia nimshukuru Mungu. Nilikuwa na hasira hata naye.

Mume wangu alimweleza mama yake yote kwa simu, kwa Kikamba, polepole. Siku tuliyomrudisha mtoto nyumbani nilimkuta mama mkwe jikoni, sufuria kubwa motoni, vioo vya dirisha vimejaa mvuke.

"Huyo daktari ni mtoto," akasema. "Leo nimechemsha tangu asubuhi, yamebaki nusu. Mkorogee."

Nilimkabidhi mume wangu mtoto, nikaibeba sufuria, nikamwaga yote kwenye sinki mbele ya macho yake.

Tulihama, na mtoto sasa anasoma. Kwa akina mume wangu bado nasimuliwa, kila harusi na kila matanga: yule aliyemwaga maji ya mama mkwe. Ile midomo hakuna anayeitaja.