Mlango Unaomsubiri Mama

Juzi, katika karakana moja ya mtaa wa Alief, huku ughaibuni, mama wa Kikenya aligoma kuingia katika gari la mbio la mwanawe.

"Hii ni gari ya kulala, si ya kukaa. Nikiingia, nani atanitoa?"

Mwanawe alikuwa amemwagiza fundi, Mtanzania, abuni milango ya kupaa kama mbawa. Fundi akaweka kalamu chini.

"Shikamoo, mama. Hebu nionyeshe unavyoinuka kitandani."

Mama akaketi kwenye kigoda, akageuza miguu, mkono ukatafuta hewani pa kushika. Fundi akapima palepale, akachora mshikio mlangoni.

"Kwani mlango hautapaa?" mwana akalalamika.

"Utapaa, kaka. Ila utasimama kwanza hapa, mama aushike ainuke, ndipo uendelee."

"Basi Jumapili utanipeleka kanisani," mama akamwambia mwanawe.

Gari liwezalo kuyapita yote barabarani litamngoja mama mmoja ainuke. Ufundi uliozidi huo sijauona.