Msiro Ndani ya Tasnifu

Siliondoi. Ndivyo nilivyomwambia orientador wangu, profesa anayesimamia udaktari wangu, kwa simu ya video nikiwa nimeketi kibarazani kwa mama mdogo, Mocímboa da Praia, pwani ya Msumbiji, mgongo ukutani kwa sababu ni hapo tu rede ya simu inashika. Yeye alikuwa chuoni kwake, ng'ambo, kavaa sweta. Alitaka neno moja litoke kwenye tasnifu yangu. Lisipotoka, hatii saini. Asipotia saini, siitetei mbele ya watahini. Nisipotetea, miaka yote ile ya kutetemeka kwa baridi imekwenda na maji.

Neno lenyewe ni msiro.

Kazi yangu ni kutafuta umbo la protini. Unaisafisha, unaiweka matone madogo madogo kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, unafunika, kisha unamwomba Mungu igande iwe fuwele, kama chumvi inavyoganda. Ikiganda, unaipiga eksirei na hesabu zinakuonyesha ilivyojikunja. Isipoganda, huna kitu. Mimi nilichagua kimeng'enya cha muhogo mchungu, kile kinachoifungua sumu. Huku kwetu sumu hiyo si habari ya kusoma vitabuni. Tulipokuwa tumekimbia vita tulikula makopa ya muhogo ambayo hayajakauka sawasawa, na jirani yetu miguu ikamkataa mpaka leo.

Protini ikanigomea. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, matone meupe pee kama maji ya kunywa. Orientador akaanza kunivuta nihamie mradi wa mwenzangu, eti muhogo hauna mwenyewe wa kuugharamia. Nikamwambia ng'o.

Kisha nikaja nyumbani kumwoza mdogo wangu, nikarudi ng'ambo na kijiti cha msiro begini. Wanawake wa pwani hii tunaujua: unakisaga kijiti juu ya jiwe kwa maji kidogo, unajipaka uso mzima, unashinda nao mweupe hivyo hivyo, ngozi inalainika. Kule nilijipaka Jumapili chumbani kwangu, kwetu kumenikaa rohoni. Jumatatu nikanawa harakaharaka nikaenda maabara. Lakini msiro hautoki wote kwa maji ya haraka. Unabaki kwenye nyusi, unabaki kwenye malaika, vile vinywele laini vya paji la uso, nami kutwa nzima nimeinamia sahani.

Nilipokuja kuitazama sahani ile kwa hadubini, karibu matone yote yalikuwa matupu. Machache yalikuwa na vumbi jeupe, na juu ya vumbi, Allahu akbar, fuwele! Zina kingo, zinameta. Nililia pale pale kwenye kiti.

Sikutaka kubahatisha. Nikasaga msiro, nikauchuja, nikautia kwenye matone kwa makusudi: fuwele zikaja. Nikatia unga wa mti mwingine: patupu. Nikaacha bila kitu: patupu. Umbo tukalipata, orientador akafungua mvinyo wake, mimi nikanywa juisi yangu, tukapongezana.

Halafu mtu huyo huyo ananiambia niandike "chembe za mmea". Eti watahini wakisikia fuwele zimeota juu ya vipodozi vya wanawake wa kijijini, wataiona maabara yake chafu. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Plastiki ya dukani tumeiandika jina lake, na la kiwanda chake, na namba ya boksi. Cha kwetu ndicho hakistahili jina?

Nikampa vidonge vyake, kwa Kireno cha adabu. "Profesa, wewe ndiye uliyenifundisha: andika kila kitu, mwingine aweze kurudia. Haya, na arudie kwa hizo chembe za mmea. Mmea gani? Mchicha?"

Mama mdogo, ambaye Kireno chake ni cha sokoni, aliacha kupepeta mchele. "Anasemaje huyo?"

"Anataka niufute msiro."

"Loo! Kwani kapakwa yeye?"

Sikucheka. Nilikuwa naogopa. Nilijua profesa akikata simu basi tena, nitabaki na picha nzuri ya protini na mkataba wa kufundisha sekondari, nao wa kubembeleza. Lakini niliyaona pia maisha yangu mengine, ya kuitwa doutora huku kila nikifungua kitabu changu naona pale nilipofuta kwetu kwa mkono wangu mwenyewe. Hayo sikuyataka hata kwa dawa.

Orientador aliivuta mikono ya sweta yake mpaka viganjani. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Watakucheka."

"Wacheke," nikamwambia. "Wakimaliza kucheka, wakizitaka fuwele, watasaga."