Kokoto ya Mgeni

Saodat amemzoea jirani yake anayesimamia sufuria ya sumalaki mtaani kwao kila Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya. Mwiko wenyewe ni mrefu kama kasia, naye hauachii ila kwa shingo upande. Atakupa ukoroge kidogo huo uji mzito wa ngano iliyochipua, kisha agune. "Unakoroga au unabembeleza mtoto? Lete hapa!" Vidole vyake vina makovu ya mvuke, naye huvifuta kwenye aproni kila baada ya sentensi, hata vikiwa vikavu. Kokoto za kutia sufuriani ili uji usiungue huziosha mwenyewe, huku akizisemesha kama vifaranga. Anayekuta kokoto bakulini huomba jambo lake, likatimia. "Mambo ya kitoto hayo," husema, kisha huchungulia kila bakuli.

Mwaka huu alikuja mgeni kutoka Ureno, peke yake, mnyonge mnyonge. Alipouma kitu kigumu katika uji wake, akamwonea aibu msimamizi wa sufuria, akakificha chini ya mkate. Msimamizi akaufunua. "Ala! Bahati unaificha kama umeiba?" Akamfumbatisha ile kokoto kiganjani, akamwashiria afumbe macho aombe. Mgeni akafumba, akaomba kwa kunong'ona.

"Kokoto imelijuaje bakuli la mgeni, dada, kati ya mabakuli yote haya?" Saodat akamchokoza.

"Mimi napakua tu. Mungu ndiye anayegawa."

Saodat akakitazama kidole gumba cha huyo anayepakua kwa upawa. Kilikuwa kimepakaa uji mpaka kwenye kifundo, kama kilichotumbukiza kitu bakulini, na leo alikuwa amesahau kukifuta.