Kiatu cha Ndege

Harufu ya resini, gundi ya kugandishia faiba, ikiwapiga wengine puani, hukohoa, mimi hutabasamu. Nina karakana yangu hapa Kizota, Dodoma, natengeneza matangi na mabodi ya faiba, na wenye digrii zao hunisubiri nje kwenye benchi. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini niwaambie, ndugu zangu, kabla sijajua kugawanya kwa njia ndefu, nilikuwa nimeshatengeneza ndege.

Haya, si ndege nzima. Kiatu chake.

Ndege ndogo zile huvalishwa kiatu cha faiba juu ya kila gurudumu, kinene mbele, chembamba nyuma. Kimoja kilipasuka mkiani baada ya kugonga kichuguu kwenye uwanja wa vumbi kule Kondoa. Rubani, Kapteni Lukasi, akamletea baba, fundi wa kuziba mabodi ya malori. Baba akaingiza mkono ndani, ukakwama. Akanitazama. Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba kama fimbo ya kuchungia.

"Huyu ataweka vitambaa kwa ndani," alisema.

"Kazi ikikaa sawa," rubani akaniambia, "Jumamosi nakuzungusha juu ya mji."

Jamani! Kesho yake, kufika saa nne, shule nzima ilishajua. Yuda, niliyekaa naye dawati moja, alicheka hadi akashika mbavu. "Utaruka na ungo wa bibi yako!" Sasa ningerudi wapi? Niliamini kiatu kisipokubalika ndege itabaki Dodoma milele, na mimi nitabaki na Yuda.

Nikapaka resini, nikabandika vitambaa vya faiba. Baba alisema tabaka mbili zinatosha; alipokwenda kunywa chai nikaongeza tatu. Kwa nje nikafanya kama nilivyoona malori yakifanyiwa: puti, ule uji mzito wa kusawazishia mabodi! Nikaikandika kama bibi akikandika ukuta wa tembe. Nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe. Kikang'aa, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Alhamisi rubani akakinyanyua, akakirudisha chini taratibu. Akaenda uwanjani akafungua kiatu cha pili, akarudi nacho, akatuongoza hadi duka la jirani na kuviweka kwenye mizani ya mchele, kimoja huku, kimoja kule. Changu kikashuka kwa kishindo.

"Hicho kina nyama ndani?" mwenye duka akauliza.

"Fundi," rubani akaniambia, uso mkavu kama wa hakimu, "siwezi kubeba vyote. Nibebe puti, au nikubebe wewe?"

"Puti ibaki!" nikalia.

Baba akanipa msasa. "Msasa hauna haraka," alisema, wala hakunisaidia. Nikasugua hadi jioni. Ijumaa nikasugua kutwa badala ya kwenda shule, vumbi jeupe likanizeesha kichwa kizima. Mara tatu rubani alikuja, akapima kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaondoka. Alasiri mizani ikasimama sawa, na baba akapaka rangi, safari hii nyembamba kama maziwa yaliyotiwa maji.

Jumamosi niliruka! Niliona mizabibu ya Makutupora imepangwa kama mistari ya daftari, na shule yetu ndogo kama kiberiti. Nilitapika kidogo. Hilo Yuda hajui mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilijisifu kuwa niliikomboa ndege. Kisha, nikiwa na karakana yangu, rubani mmoja kijana akaniletea viatu vyake viwili. Nikampa pole: "Basi utakwama hapa wiki nzima."

Akashangaa. "Nikwame kwa nini, mzee? Ndege inaruka bila hivi, ni vya kupunguza ukinzani wa upepo tu. Naondoka mchana huu."

Nikakaa juu ya ndoo. Kumbe Kapteni Lukasi angeweza kuacha viatu vyote viwili kwetu akaenda zake! Safari zote zile alikuja kutikisa kichwa kwa ajili ya kazi ya mtoto wa miaka tisa. Hakuikubali ikiwa mbaya ili kunifurahisha, wala hakuniambia kwamba haikuwa na ulazima. Na baba, mtu wa maneno machache, bila shaka alijua.

Nawashukuru wote wawili kwa kunyamaza. Wangenieleza ukweli, ningetupa msasa Alhamisi ileile, na leo msingekuwa mnasoma habari za mtu mkubwa kama mimi.