Kinyume cha Maziwa Mabovu

Mama ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kikundi cha maziwa kule Mwika akasema mwanawe atawatengenezea programu ya simu, na haitakosea. Walikuwa wamechoka kugombana na mpimaji kila asubuhi. Wakakubaliana: simu ikisema mwaga, unamwaga, hakuna kubisha.

Mpimaji huchanganya maziwa na spiriti kidogo. Yakiganda, ni mabovu. Nikaandika kipimo kinachomuuliza mpimaji "Ni mabovu?", naye abonyeze ndiyo au siyo. Sikutaka kuandika kingine cha maziwa mazuri, kwa hiyo nikatunga kipande kifupi nikakiita kinyume: unakipa kipimo chochote, kinakurudishia kipimo hichohicho, majibu yamegeuzwa. Mstari mmoja tu! Kinyume kikisema ndiyo, simu inasema pokea; kikisema siyo, mwaga. Nilijisifu peke yangu kama mjinga.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha mpimaji akanipigia: anaona haya kubonyeza ndiyo kwenye "Ni mabovu?" mbele ya mama wa watu aliyeamka kukama. Kwetu mtu mzima haambiwi hivyo usoni. Nikiwa Moshi mjini, nikabadilisha swali likawa "Ni mazuri?" Kinyume nikakisahau palepale kilipokuwa.

Asubuhi iliyofuata, chai ikiwa mdomoni, nikakumbuka: sasa kinyume kilikuwa kinageuza mazuri kuwa mabovu. Nilimpigia Mama mara tisa. Hakupokea, mikono ilikuwa na ndoo. Nikadandia bodaboda, na kuanzia Himo kupanda mlima niliomba hata ng'ombe wake awe amegoma kukamwa.

Nilikuta chini ya migomba kumekuwa kweupe. Maziwa mazuri yote yalikuwa yamemwagwa, na yale machache mabovu yamo kwenye tangi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, maziwa je? Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Shikamoo, Mama. Hukunusa?"

"Marahaba. Nilinusa. Yalikuwa mazuri." Akafuta mikono kwenye kanga. "Ningebisha, wangesema nini juu yako?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nililifuta lile neno kinyume nikiwa nimesimama kwenye tope la maziwa, na haikuchukua hata dakika.

Kesho yake nilikaa nyuma ya foleni. Spiriti ikatiwa, simu ikasema pokea. Mama hakusogea. Mbele ya wote alifunua ndoo, akainama, akanusa, ndipo akamkabidhi mpimaji. Hakunitazama. Waliomfuata nao wakanusa, mmoja mmoja.