Gihanda Iliyofichwa na Gihanda

Délice Itangishaka alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kuchora kipindupindu. Ndivyo shangazi yake wa Mulongwe alivyowaeleza majirani, nao walibaki wakitazamana, maana hawakujua kama wampongeze binti au wamwombee. Kila Jumatatu Délice alichapa karatasi moja yenye nguzo ishirini na mbili. Kila nguzo ilikuwa kijiji, urefu wake ulikuwa hesabu ya wagonjwa wa juma, na majina yalijipanga chini, kwenye mhimili. Namba zilikuja zenyewe kutoka kwenye simu za wahesabuji wa vijijini. Programu aliyoiandika kwa JavaScript ilizipokea, ikazikabidhi kwa maktaba ya grafu, programu ya kuchora iliyoandikwa na wengine, aliyoipakua bure, na grafu ikatoka. Kamati ya kipindupindu iliitazama karatasi hiyo, kisha ikaamua hema la wagonjwa na katoni za serumu, yale maji ya dripu, ziende wapi.

Mwanzoni majina yalikuwa kamili, kijiji pamoja na mahali kilipo. Lakini majina kamili ni marefu, na ile maktaba ilijua kuandika kila jina kwa mstari mmoja tu. Yalipokosa nafasi yalilala upande, yakapandana, mengine yakakatwa na ukingo wa karatasi. Dokta Sévère, mwenyekiti wa kamati, aliinua karatasi mbele ya watu wote.

"Mademoiselle, hii njo nini? Batu basome namna gani? Kata hii majina!"

Alikuwa mtu mwema, Dokta Sévère, ila wema wake ulimtoroka kila alipopata watu wa kumsikiliza. Wote walicheka. Délice alirudi ofisini masikio yakimwaka, akaandika mstari mmoja wa programu: bakiza neno la kwanza, tupa yanayofuata. Majina yakawa mafupi, yakasimama wima, yakapendeza. Jumatatu iliyofuata daktari alimsifu.

Hapo ndipo alipojiponza. Gihanda ziko mbili. Moja iko juu milimani, Rurambo, na ndiko Délice alikozaliwa, kwenye ukungu na ng'ombe. Vita vilipopita huko, nusu ya watu waliteremka mpaka ziwani, wakajenga karibu na Makobola, na jina la kijiji wakaja nalo pamoja na masufuria. Hakuna mtu wa Gihanda anayesema "Gihanda ya juu" au "Gihanda ya chini". Kwao ni Gihanda moja iliyokaa mahali pawili, na mtu akitaja Gihanda, wao kwa wao wanajua ipi. Délice naye alikuwa mtoto wa huko. Mtu wa kutoka Kinshasa angeshtuka kuona jina linajirudia. Yeye lilimpita machoni.

Maktaba haikuwa na ujanja wa aina hiyo. Ikikuta vijiji viwili vyenye jina moja, huvipa nafasi moja: nguzo ya kwanza, na ya pili papo hapo juu yake. Ndefu huifunika fupi. Kwenye karatasi zikabaki nguzo ishirini na moja, na katika mkutano mzima hakuna aliyezihesabu.

Jumatatu ya tatu, saa mbili kasoro asubuhi, mzee mmoja alisimama mlangoni pa ofisi, matope yamemfika magotini. Délice alimtambua mara moja. Alikuwa Ildephonse, jirani yao wa Gihanda ya juu, ambaye siku hizi ndiye aliyekuwa mhesabuji wa wagonjwa kule.

"Papa Ildephonse! Umefika namna gani?"

"Na miguu, mwanangu. Siku mbili." Akavua kofia. "Minye nimekuya kuuliza. Tulituma hesabu, majuma mawili. Habakuye. Hata kibidoni kimoja cha dawa ya maji, hapana. Bagonjwa bamefika makumi tatu na sita, pamoja na bale tulisha kuzika. Kosa yetu ni gani?"

Délice alitaka kumjibu kwamba hakuna kosa, kwamba kamati inafuata namba. Akaichukua karatasi ya juma lililopita amwonyeshe. Akatafuta Gihanda. Ilikuwepo, ndefu, ya Makobola. Akatafuta nyingine. Akahesabu nguzo kwa kidole, akarudia, akahesabu mara ya tatu: ishirini na moja. Yeye ndiye aliyewafuta. Alifuta kijiji chake mwenyewe ili karatasi ipendeze, na kule juu alikuwako dada yake Apollinarie, aliyekataa kuteremka kwa sababu ya ng'ombe wa baba yao.

Kamati ingekutana saa tatu. Hema lilibaki moja tu, na lori ambalo wote walitarajia litalipeleka Makobola lilikwisha kuwashwa uani.

Angeweza kwenda kusema kwa mdomo. Lakini aliwajua. Mwaka mzima walikuwa wakiwaambia wakuu wa vijiji wanaokuja kulia pale mlangoni: lete namba, tunafuata grafu. Asiyeonekana kwenye grafu haumwi. Ilibidi Gihanda zote mbili zionekane, kila moja na jina lake lote, na majina yasomeke, la sivyo Dokta Sévère angeitupa karatasi kabla ya kuitazama. Jina lote lingeenea tu kama lingekatwa katika mistari miwili: Gihanda juu, Rurambo chini yake.

Akaketi kwenye kompyuta, mzee akiwa bado amesimama mlangoni. Aliweka alama ya kuvunja mstari katikati ya jina. Maktaba ikaimeza, jina likatoka limenyooka kama zamani. Akaweka alama ya kurasa za intaneti, na maktaba ikaichapa hivyo hivyo, herufi na mabano yake, chini ya kila kijiji, takataka tupu. Saa mbili na robo. Akatafuta maelezo, mtandao ukazunguka, ukazunguka. Alipiga meza kwa kiganja. "Mungu wangu, mistari miwili tu! Naomba mistari miwili!"

Ildephonse alisogea. "Mwanangu, kulikuwa neno ingine nilitaka..."

"Ngojea, papa. Ngojea kidogo, tafadhali."

Mwishowe ukurasa ukafunguka, na pale mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alikuwa ameeleza: usimwombe mwandishi wa majina, yaani maktaba, avunje mstari, hajui. Livunje jina wewe mwenyewe kabla ya kumpa, kisha kila kipande ukiandike peke yake, na cha pili ukishushe. Délice akafanya hivyo. Vipande vyote viwili vikaketi mahali pamoja, neno juu ya neno. Alikuwa amesahau kushusha. Akakishusha cha pili, kikazama nje ya karatasi. Akaongeza nafasi chini ya mhimili, akabonyeza.

Gihanda, na chini yake, Makobola. Nguzo tatu mbele: Gihanda, na chini yake, Rurambo. Délice alipiga kelele. Hakutazama kitu kingine. Saa tatu na dakika tano alikuwa anakimbia na karatasi yenye wino mbichi, kompyuta kwapani, na mzee akimfuata nyuma.

Aliingia bila kubisha. Kwa pumzi moja alisema yote: majina, mstari aliouandika, majuma mawili, kosa lake. Wajumbe hawakucheka safari hii. Dokta Sévère aliishika karatasi, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mhimili mpaka akafika.

"Ni kweli. Gihanda ni mbili." Kidole kikapanda, hakikukuta kitu. "Lakini ya Rurambo iko sifuri. Usome weye mwenyewe, Mademoiselle. Hakuna mugonjwa. Tuendelee."

Délice alitazama. Juu ya jina alilolipigania palikuwa peupe. Grafu ilikuwa sahihi, na jina lilisomeka vizuri kabisa.

"Mwenye kuhesabu kule ni minye," alisema Ildephonse kutoka nyuma. "Na minye niko hapa. Simu ilizimika, courant hakuna, nikaona afazali nishuke. Tangu juzi niko mu njia. Nani angetuma hesabu?"

Programu, isipopokea namba, huandika sifuri. Hilo nalo alikuwa ameliandika Délice.

"Muzee, unaikumbuka ile hesabu?" akauliza daktari, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni batu, Dokta. Batu habasahaulike."

Délice alifungua kompyuta mezani, akaweka vidole tayari. Mzee alihesabu nyumba kwa nyumba, kama anayetembea njiani: kwa Ngendakumana watatu, mama na mapacha, kwa Hatungimana watano, kwa mwalimu Rénovat wawili, mmoja amekwisha kuzikwa. Délice aliongeza, na nguzo ikapanda. Ilipita kumi. Ilipita ishirini. Ilipofika thelathini na mbili, ikiwa imeipita ya Makobola kwa mmoja, mama Marie-Jeanne, muuguzi wa Makobola, alifunika uso kwa mikono. Kisha akasema, "Hema ipande Rurambo. Shie ba Makobola mutuachie serumu, tutalaza bagonjwa mu kanisa." Daktari akaitikia kwa kichwa, na mtu mmoja akatoka kulisimamisha lori.

Mzee alimaliza. Délice akatazama kioo.

"Ni thelathini na tano, papa. Asubuhi ulisema makumi tatu na sita. Iko mumoja anabakia."

Ildephonse aliigeuza kofia mikononi, akamtazama daktari, akasema polepole, "Munipatie kiti. Na yeye mumupatie maji."

Kwao juu, habari ya msiba haitolewi mtu akiwa amesimama. Aliyeileta anakaribishwa, anaketi, na anayeipokea anaketi mbele yake. Délice alijua hivyo tangu utotoni. Aliposikia neno kiti hakuhitaji tena kusikia jina la dada yake, na kiti kilipoletwa hakumtazama mzee usoni. Aliketi mbele yake, akashikilia ukingo wa meza.

"Siku gani?" akauliza.

"Siku ya tano, kesho yake nikashuka. Yeye ndiye alikuwa anaosha bale bengine. Njo maana nilikuya kwako kwanza, mwanangu, mbele ya kuya huku."

Daktari alinyoosha mkono aichukue kompyuta, amalizie yeye. Délice alimzuia. Alifuta thelathini na tano, akaandika thelathini na sita, akabonyeza, na nguzo ya Gihanda, Rurambo, ikapanda kidogo. Kisha akamwomba mtu aichape upesi, kwa sababu lori lilikuwa linangoja, naye hakuweza kusimama.