Mashine ya Kukanyaga

Nimechoka kueleza bei. Siku hizi mteja akiingia karakana yangu hapa Majengo, namwambia apite kwanza duka la vipuri ajionee mwenyewe, kisha arudi tuongee.

Yule mama wa mlimani alinikuta bado nina matumaini. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na bega bovu, na kila asubuhi alikatakata vigogo vya migomba kwa panga ili kuwalisha. Alisema bega likigoma kabisa, atawauza. Mashine za kukata majani zitokazo India zilimshinda bei, na zilitaka umeme. Nikafungua moja niliyoletewa kutengeneza, nikapima kila kipande, nikamchorea ya kwake: ya kukanyaga kwa miguu, bega lipumzike. Alifurahi, akatanguliza hela ya vyuma.

Visu nilivichonga kutokana na springi za lori, vikakata vizuri. Fremu ikasimama. Zikabaki gia na beringi, nazo zinatoka ng'ambo. Nilipokwenda dukani nikakuta bei imepanda, nikaona nisubiri ishuke. Huo ndio ujinga wangu. Haikushuka, na kila nilipojikusanya niliikuta imenitangulia. Mwenye duka naye alilalamika kwamba shilingi yetu haimfikishi popote. Ujuzi wa huko India niliupata bure, kwa spana tu. Gia ndizo zilizonishinda, na hela ya mama ilishaishia kwenye fremu.

Mwishowe nikakata jani la sale, nikalipiga fundo, nikapanda mlimani. Kwetu Wachagga ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe, hata uwe umeumizwa vipi. Nililijua hilo, na ndiyo maana nililibeba. Naona aibu kulisema.

Nilimkuta zizini. Nikamwamkia shikamoo, nikamkabidhi jani kwa mikono miwili. Akalipokea.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Sasa waombe na hawa wawili."

Ng'ombe walikuwa wanatutazama, hori tupu. Akachomeka jani kwenye ukuta wa mbao, akaokota panga kwa mkono wa kushoto, ule asiouzoea. Nikamwomba anipe. Nilikata migomba mpaka saa sita, viganja vikachubuka.

Nilipoaga, aliniuliza kama na kesho nitakuja.